Nna Suali la Marekani

Mume wangu, Sleyum, alikaa Marekani miaka minne tu, akiwa kijana, akisomea umeme. Marekani nayo ikaja ikakaa nyumbani kwetu miaka arobaini, wala haioneshi dalili ya kuondoka.

Serikali ilimpeleka Ohio miaka ya themanini, pamoja na vijana wengine waliokuja Maskati na wazazi wao kutoka Unguja. Alirudi na shahada, koti zito ambalo hajapata kulivaa tena, na mazoea ya kunywa kahawa kwa kikombe kikubwa kama cha supu. Akaajiriwa idara ya umeme, akapanda cheo polepole, akastaafu. Ni mtu wa kawaida kabisa. Hugombana na mafundi wa AC, hupenda chai ya tangawizi, na tangu soko la mboga lilipohamishwa kutoka hapa mtaani kwetu Mawaleh hulalamika kila akiona nyanya, utadhani soko lilikuwa la babake. Lakini kwa ukoo wetu, kwa majirani na hata msikitini, yeye ndiye Marekani. Akiingia tu mahali, mtu hukumbuka suali.

Huulizwa kwa nini aliyepata kura nyingi anaweza kushindwa uchaguzi. Huulizwa serikali yao hufungwaje, imekuwa duka? Huulizwa vipi rais atoe amri halafu jaji mmoja wa mji usiojulikana aizuie. Zamani alikuwa anayapenda masuali haya, nami nilikuwa napenda kumsikiliza. Siku moja alimweleza jirani yetu Talal habari ya kura kwa kutumia tende. "Usihesabu tende zote za nyumba," akamwambia, "hesabu masinia. Kila jimbo ni sinia. Ukimshinda mwenzako kwa tende moja tu, unabeba sinia zima. Sasa wewe unaweza kuwa na tende nyingi, mwenzako akawa na masinia makubwa." Talal akatafuna tende ya jimbo moja na kusema hiyo ni dhulma. Sleyum akamjibu kwamba si yeye aliyeitunga.

Lakini mtu huchoka. Suali lile lile, harusini na matangani, na kila jibu likifuatwa na "Sasa si dhulma hiyo?" kana kwamba yeye ndiye mwenye nchi. Alipotimiza miaka sitini alianza kukaa upande wa watoto kwenye karamu ili asiulizwe. "Nimechoka, Jawaher," alikuwa akiniambia garini. "Miaka yote hii nafanya kazi ya ubalozi, na bendera sijapewa."

Mtu pekee ambaye hakuwahi kumchosha alikuwa Kheiria, kwa sababu hakuwahi kumuuliza kitu. Kheiria ni mtoto wa mama yake mkubwa. Walilelewa nyumba moja Unguja, wakapigwa na bakora moja, na mpaka leo hugombana nani alivunja birika la bibi. Ni mjane, anakaa Darsait, upande wa pili wa mji, ghorofa ya pili juu ya fundi cherehani, na ana mtoto mmoja tu, Alaa. Kijana mpole, mwenye adabu hata ikawa inaudhi kidogo. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma nje aliambiwa achague, akachagua Ohio, kwa sababu mjomba Sleyum alisoma huko. Kheiria hakulala wiki nzima kabla ya safari. Sleyum akamwambia, "Mwache aende. Mimi nipo. Likitokea lolote, niulize mimi."

Nakumbuka neno hilo. Sote tulikuwapo.

Sasa ile siku ya matokeo ya uchaguzi wao, mwaka juzi mwezi wa Novemba, simu ya Sleyum ilianza kulia tangu alfajiri. Kila kundi la WhatsApp lilimtaka yeye. Nani anatangaza matokeo? Televisheni? Televisheni imepewa na nani ruhusa? Tume ya uchaguzi iko wapi? Akaeleza kwamba hakuna tume moja ya nchi nzima inayohesabu, kila jimbo lina wasimamizi wake na sheria zake, na televisheni zinapiga hesabu tu zikaona nani hawezi kufikiwa tena. Hakuna aliyemwamini. Talal alipiga mara tatu. Mpaka tunamaliza kula mchana, Sleyum alikuwa amekunja uso kama aliyekunywa shubiri.

Nilikuwa naondoa sahani simu ilipotoa mlio. Akaitazama, akaisoma, akaipindua kifudifudi juu ya meza.

"Nani?" nikamuuliza.

"Kheiria. Na yeye leo kaanza. Ati ana suali la Marekani."

Akaizima sauti, akaenda kulala. Simu iliwaka pale mezani mara kadhaa, bila ya mlio, ikazimika.

Baada ya Maghrib Kheiria mwenyewe akaja, kwa teksi, kutoka Darsait mpaka Mawaleh, jambo ambalo halifanyi hata siku ya Idi. Ushungi ulikuwa umekaa upande. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akasema Alaa kagonga mtu.

Akatueleza yote. Jana yake jioni, kwa saa za kule, Alaa alikuwa anatoka maktaba na gari lake, mvua inanyesha. Mzee mmoja alikatiza barabara, si pale penye mistari, akiwa na koti jeusi. Alaa akafunga breki, gari likateleza, likamvunja mzee mguu na nyonga. Alaa aliita gari la wagonjwa, akamfunika mzee kwa koti lake, akangoja polisi. Polisi wakapima barabara, wakamwambia aende nyumbani, ataitwa akihitajika. Hapakuwa na aliyesema kosa ni la nani.

"Kanipigia analia," Kheiria akasema. "Kaniuliza, mama, nifanye nini? Nami nkakutafuta wewe, Sleyum. Nkakuandikia, nkakupigia. Nkasema labda umelala. Mtoto anangoja jibu. Basi nkamwambia lile tunalolijua."

"Ukamwambia nini?" Sleyum akauliza.

"Nlimwambia kukipambazuka tu aende hospitali akamuombe radhi mzee wa watu. Nini chengine?"

Kwa msomaji asiyetujua, nieleze. Huku kwetu mtoto wako akimgonga mtu, hungoji uitwe. Wanaume wa ukoo huondoka siku ile ile, mkubwa wao ndiye msemaji, wakaenda kwa aliyeumizwa. Hubusu kichwa chake. Husema, tumekosa, kosa ni letu, tusameheni. Na ukiomba radhi husemi "lakini." Husemi lakini mvua ilinyesha, husemi lakini ulikatiza ovyo, hata kama yote hayo ni kweli. Ukitia "lakini," hukuomba radhi, umekwenda kushtaki. Wenyewe nao, wakiwa waungwana, hukukalisha na kukumiminia kahawa, na ukishainywa kahawa ile mambo yamekwisha nusu. Nusu iliyobaki humalizwa polisi kwa aliyeumia kusema amesamehe. Mimi mwenyewe nimeona ndugu wawili wakikumbatiana juu ya kitanda cha hospitali, na kabla ya hapo hawakuwa wakijuana.

Alaa hakuwa na ukoo wa kufuatana naye, akaenda peke yake, na mpaka Kheiria anatufikia alikuwa ameshampigia kumweleza. Alinunua maua, maana ndiyo aliyoyaona watu wa kule wakipeleka. Akaingia chumbani, akambusu mzee kichwani, akamwambia kwa Kiingereza chake safi: kosa ni langu lote, sikuwa natazama mbele, nisamehe. Alikuwa anatazama mbele, maskini. Lile la kutotazama alilitia kwa adabu tu, ili mzee asijione yeye ndiye mzembe. Mzee, jina lake Harlan, akamshika mkono akalia. Na kwenye kiti pembeni alikuwako askari aliyekuja kuchukua maelezo ya mgonjwa, na kalamu yake mkononi.

Sleyum alikaa kitako.

"Angenyamaza, Kheiria," akasema.

"Anyamaze? Kamvunja mzee wa watu nyonga, anyamaze?"

"Kule mtu ana haki ya kunyamaza. Ndilo neno la kwanza polisi wanalomwambia wakimkamata. Lolote atakalolisema watalitumia juu yake."

"Haki ya kunyamaza!" Kheiria akaniangalia mimi, kana kwamba mwanamke mwenzake ataelewa. "Sasa hiyo ni haki, au ni ukosefu wa adabu?"

Haikupita wiki, Alaa akashtakiwa. Tena si kosa dogo la barabarani. Kosa kubwa, la uendeshaji wa kutojali uliomjeruhi mtu vibaya, ambalo mtu hufungwa kwalo miaka. Akaachiwa kwa dhamana, paspoti ikachukuliwa, na jaji akamkataza kumkaribia mzee Harlan wala kumpigia simu. Hapo ndipo Kheiria, ambaye hakuwahi kuuliza kitu, alipoanza kuuliza. Safari hii hapakuwa na upande wa watoto wa kukimbilia.

Tulikwenda Darsait karibu kila siku. Njia ile ya kutoka Mawaleh jioni, magari yamebanana, jua linakupiga kisogoni. Tukifika, Kheiria ameshatandika mkeka na kahawa, na suali limeshaiva.

"Wakili wa Alaa kasema kesi inaitwa Jimbo la Ohio na Alaa. Mbona si Harlan na Alaa?"

"Kwa sababu anayeshtaki ni jimbo."

"Jimbo limeumia wapi? Ohio ina nyonga?"

Sleyum akafumba macho. "Wanasema kosa la jinai ni kosa juu ya watu wote. Kwa hivyo wote wanashtaki, kupitia mwendesha mashtaka."

"Na mzee akisamehe?"

"Akisamehe ni vizuri. Watamsikiliza. Lakini kesi si yake. Hawezi kuifuta."

Kheiria akaweka kikombe chini. Hili lilimkata kuliko jingine lolote, nililiona. Aliyevunjika ni Harlan, aliyelala hospitali ni Harlan, na msamaha wa Harlan haufungui mlango.

Siku ya pili alikuwa na jingine. "Tayyib, vyema. Rais wao si husamehe wafungwa? Kila siku nnasikia kasamehe mtu. Tutafute njia ya kumfikia."

"Rais husamehe makosa ya serikali kuu tu. Hili ni la jimbo. Mwenye uwezo huo ni gavana, naye si kabla ya mtu kuhukumiwa na kupita kwenye bodi yao."

"Kwani wana masultani hamsini?"

"Wana magavana hamsini, Kheiria. Kila mmoja na nyumba yake."

"Na mkubwa wa jaji ni nani? Ana ukoo gani? Hakuna mtu wa Oman huko anayemjua?"

Akamweleza kwamba jaji wa pale alichaguliwa kwa kura, kama diwani, na mwendesha mashtaka pia. Kheiria hakukubali. Kadhi wa kupigiwa kura! Halafu akapata wazo, uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Kama wamepigiwa kura, basi wana wapiga kura, na mpiga kura ni mtu, na mtu huombwa. Alitaka kupeleka halwa kwa jaji, kwa mwendesha mashtaka, kwa mzee Harlan na kwa mtaa mzima. Alikuwa ameshainunua, mkungu mkubwa wa udongo, ya zafarani, imefungwa vizuri. Sleyum akaniomba mimi nimwambie, maana yeye alishindwa. Nikamwambia kwamba halwa hiyo ikimfika jaji, Alaa atakuwa na kesi mbili. Akainyanyua, akaiweka juu ya kabati.

Akaamua sasa kumtafuta Mmarekani wa kweli. "Wewe ulikaa miaka minne tu, tena zamani," alimwambia Sleyum, na nusura nicheke. Meli kubwa ya watalii ilikuwa imefunga gati Bandari ya Sultan Qaboos, akatulazimisha tumpeleke huko Mutrah. Tukamkuta mama mmoja mnene, mwekundu kwa jua, amekaa kivulini mbele ya duka la ubani, akijipepea kwa ramani. Mwalimu mstaafu, kutoka Massachusetts, mtu mzuri sana. Sleyum akamuuliza kwa niaba ya Kheiria: mwananchi anayetaka kumwombea mtoto wa mtu kwa jaji aliyemchagua, anafanyaje? Yule mama akashangaa. Kwao, akasema, majaji hawapigiwi kura, huteuliwa na gavana. Ya Ohio hayajui, hakuwahi kufika Ohio. Kisha akaushika mkono wa Kheiria na kumwambia atamwombea Mungu.

"Mmarekani mwenyewe Marekani haijui," Kheiria akasema tuliporudi garini. Akaegemeza kichwa kwenye kioo. Hakumtafuta mwingine.

Wakili alipiga simu mwezi wa Rajabu. Wakili huyo Alaa alipewa na mahakama, kwani kule asiye na uwezo hupewa, na alikuwa mwanamke anayesema kwa kasi na anayejua kazi yake. Kheiria anajua Kiingereza cha dukani tu, kwa hivyo simu iliwekwa katikati ya mkeka, sauti nje, na Sleyum akawa mfasiri. Wakili akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusimama mbele ya wananchi kumi na wawili wakaamua. Ya pili ni kukubali kosa dogo, kama mwendesha mashtaka ataafiki, ili lile kubwa lifutwe. Yeye anapendelea ya pili. Ya kwanza ingefaa sana, akasema: mvua, koti jeusi, mzee hakuvukia penye mistari, polisi hawakupata dalili ya mwendo wa kasi. Kisha akasema sentensi moja nyingine, na Sleyum akakwama.

"Kasema nini?" Kheiria akauliza.

Sleyum akamwomba wakili arudie.

"Sleyum. Kasema nini?"

"Kasema... kama Alaa asingekwenda hospitali akasema yale, huenda kesi isingekuwapo."

Chini, cherehani ya fundi ilikuwa inakata na kusimama, inakata na kusimama. Kheiria akatazama viganja vyake.

"Basi ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nliyemtuma."

Nikamtazama mume wangu. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki ya kunyamaza, akaitumia.

Niseme ukweli, nilimkasirikia. Nilimkasirikia mpaka chumvi ikanipotea mkononi, chakula kikawa hakiliki. Garini siku ile nikamuuliza, "Utamwambia lini?"

"Nimwambie nini?"

"Sleyum."

Akafungua redio. Mimi nikaizima. Tukaenda hivyo mpaka nyumbani. Tangu hapo akawa halali vizuri, chai anaiacha inapoa, na simu yake haizimi sauti hata msikitini, mpaka imamu akamsemesha. Kheiria naye alizidi kusinyaa. Kila tukienda alikuwa na suali, anauliza kwa sauti ndogo, Sleyum anajibu kwa sauti ndogo zaidi, na mwisho wa kila jibu yeye husema, "Kosa langu mimi. Ningengoja." Sleyum hushika kikombe tu. Mtu aliyemjua angeona kwamba kila "kosa langu" ya Kheiria ilikuwa inamwingia kama mwiba. Lakini aliuacha umwingie, na mimi nikachoka kumwonea huruma.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita bila ya Alaa. Baada ya Idi kesi ikafika. Jioni ile tulikuwa Darsait, tumekwisha kusali Maghrib, simu iko mkekani. Kheiria alikuwa na tasbihi lakini hakuwa akiihesabu.

Wakili akapiga. Akasema mzee Harlan alikuja mahakamani na fremu yake ya kutembelea, ingawa hakuitwa. Akasimama mbele ya jaji, akasema kijana huyu alinibusu kichwani kama mwanangu asivyowahi kunibusu, nimemsamehe, naomba mumwachie. Jaji akamshukuru kwa heshima, akamsaidia kwa maneno mazuri mpaka akakaa, kisha akaendelea na kesi. Mwendesha mashtaka alikubali kosa dogo. Alaa hatafungwa. Atakuwa chini ya uangalizi mwaka mzima, leseni imechukuliwa, atafanya kazi za jamii mwisho wa wiki, na hatatoka jimboni bila ya ruhusa. Masomo anaruhusiwa kuendelea. Ila mambo ya viza hayajulikani: akitoka Marekani kabla ya kumaliza, hakuna anayeweza kuahidi kwamba atarudishwa.

Sleyum akafasiri yote, neno kwa neno, asiruke hata moja.

"Ya'ni hafungwi," Kheiria akasema.

"Hafungwi."

"Na haji."

"Haji. Si mwaka huu. Labda mpaka amalize."

Akavuta pumzi, akasema alhamdulillahi, akalia kidogo, akajifuta kwa ushungi. Halafu akasimama juu ya kiti, nami nikamshika asianguke, akaitoa ile halwa juu ya kabati. "Halwa ya mzee Harlan," akasema. "Basi tuile sisi. Imeshakuwa ngumu." Akaikata kwa kisu, ikamshinda, nikamsaidia. Akamimina kahawa, akampa Sleyum kikombe.

Sleyum hakukipokea.

"Kheiria," akasema. "Ile siku ya kura, ulipoandika. Sikuwa nimelala."

"Kunywa kahawa."

"Nliusoma ujumbe wako. Nlisoma una suali la Marekani, nkadhani ni haya haya, ya kura. Nkaipindua simu. Ungenipata mimi, Alaa asingekwenda. Si kosa lako wewe."

Kheiria bado alikuwa amenyoosha mkono na kikombe. Aliurudisha polepole, akakiweka mbele yake.

"Nnajua," akasema.

"Unajua?"

"Zile alama mbili za WhatsApp zilikuwa buluu, Sleyum, kwamba umesoma. Nlizikodolea macho mchana kutwa. Nkasema sasa atajibu, sasa atajibu."

Kipande cha halwa nilichokuwa nimekitia mdomoni nikakitoa. Miezi yote ile. Kila siku anatandika mkeka, anapika kahawa, anauliza, anasema kosa langu mimi, na anajua.

"Mbona hukusema?" Sleyum akauliza.

"Nkisema ungeona haya, ungeacha kuja. Na mie ningemuuliza nani mwengine?"

Alaa ni mwanawe, tena wa pekee. Sijui ningeweza. Nadhani ningemrushia birika.

Sleyum akasogea juu ya mkeka kwa magoti, mzee wa miaka sitini na tano, akainama akambusu kichwani, juu ya ushungi. "Nisamehe, Kheiria," akasema. "Nimekosa. Lakini wallahi nlikuwa nimechoka, siku ile watu..."

Kheiria akamwekea kiganja kifuani, akamsukuma nyuma kidogo, si kwa nguvu.

"Bila ya lakini, Sleyum," akasema. "Mwanangu hakusema lakini."

Cherehani ya chini ilikuwa imeshafungwa. Mume wangu alikuwa analia wazi, kitu ambacho sikuwahi kukiona, hata alipomzika babake.

"Nimekosa," akasema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe." Akachukua kikombe, kahawa imeshapoa, akampa. Sleyum akanywa.

Tulipotoka Darsait nilimwambia niendeshe mimi, akakataa. Tulikuwa tumefika karibu na mzunguko simu ilipolia. Ilikuwa Talal. Alitaka kujua kwa nini majaji wakubwa wa Marekani hawastaafu, wanakaa mpaka wafe, na sasa si dhulma hiyo? Nilidhani Sleyum atamkatia simu. Alivuta gari pembeni mwa barabara, akazima injini, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, akaanza kumweleza tangu mwanzo. Nami nikashusha kioo nikamngoja.